HAIBRIDI SIYO GARI LA NJAA! MASTAA ACHENI KUWAINGIZA MKENGE WATU WENYE FAMILIA

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo natoa povu la magari, maana kuna watu wanaingizwa mkenge mchana kweupe na wanaowaingiza ni mastaa wetu wenyewe.

Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni, anabadilisha magari makubwa kama mawigi. Juzi kamcheka mwenzake aliyeonekana anashuka kwenye Fielder haibridi na watoto na viroba vya sokoni. Eti gari la njaa. Eti betri ikifa linageuka banda la kuku. Mchekeshaji mmoja naye akadakia kwamba baba mwenye familia lazima akae juu, siyo kuchuchumaa kwenye kagari ka chini. Watu wakacheka, wakasambaza.

Sasa mimi nauliza, yule dada mafuta yake analipa nani? Mjini hapa tunajuana. Mtu ambaye hajawahi kusubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi ili aone EWURA wametangaza bei gani, hawezi kumfundisha mwenzake gari la kununua.

Ninayemfikiria hapa ni mtu mwenye fremu Mtaa wa Kongo au Aggrey, anaishi Tabata, ana watoto watatu, hela ya gari kaikusanya miaka minne kwenye kikoba. Hela hiyo inanunua gari moja tu. Akinunua Prado kuukuu kwa sababu ya maneno ya mitandaoni, baada ya miezi mitatu utaliona limepaki nyumbani limefunikwa turubai, watoto wanapanda daladala. Wapo wengi hivyo, msijifanye hamuwaoni.

Tuanze na foleni. Unatoka Tabata saa 12 asubuhi, unapita Buguruni, unaingia Uhuru, unamshusha mtoto shule Upanga, unarudi Kariakoo. Ukifika Msimbazi umesimama. Mbele mkokoteni, kulia guta, kushoto boda, winga anakugongea kioo anakuuliza unatafuta nini. Gari la kawaida hapo linachoma wese bila kwenda popote. Haibridi injini inazima yenyewe, gari linajisogeza kwa mota ya umeme. Ukikanyaga breki, ile nguvu ambayo ingepotea kuwa joto inarudi kwenye betri. Na AC haizimi, kompresa yake inakula umeme wa ile betri, ikipungua injini inawaka kidogo inachaji halafu inazima tena. Yaani gari hili linatengeneza faida palepale ambapo mengine yanatia hasara. Na hapana, halichomekwi ukutani. Kuna mtu aliniuliza linakula yuniti ngapi za LUKU, nikamwangalia tu.

Hesabu ya mfano sasa, chukua kalamu. Kilomita 40 kwa siku, siku 26, jumla 1,040 kwa mwezi. Petroli tuweke shilingi 3,000 kwa lita, japo mwaka 2023 hapa Dar ilipita 3,200. Gari kubwa linalokwenda kilomita 7 kwa lita kwenye foleni litakunywa kama laki 4 na 45. Wagoni haibridi inayokwenda 17 kwa lita itakunywa kama laki 1 na 84. Tofauti ni zaidi ya laki 2 na nusu kila mwezi, kwa mwaka inapita milioni 3. Hiyo ni kodi ya fremu za watu, siyo hela ya soda.

Lakini mnyonge mnyongeni haki yake mpeni. Ukilinganisha na Fielder ya petroli tupu inayokwenda 12 kwa lita, faida inashuka mpaka kama elfu 76 kwa mwezi. Kwa hiyo kama tayari una Fielder ya kawaida nzima, tulia nayo, usiuze kwa mihemko. Na kama safari zako ni Moshi na Dodoma kila wiki, jua kwamba barabara kuu inapunguza utamu, kwa sababu ukikimbia muda wote injini ndo inafanya kazi. Tena wauzaji waache kutubandikia ile kilomita 33 kwa lita. Hiyo ni namba ya vipimo vya Japani, JC08, iliyotolewa gari lilipoingia sokoni kule mwaka 2013. Hawakupimia Msimbazi saa 11 jioni.

Nafasi je? Hapa ndo yule mchekeshaji kaniudhi zaidi. Fielder haibridi betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo buti haijaguswa. Unalaza kiti cha nyuma, unaingiza marobota ya vitenge, unafunga mlango, hukodi kirikuu. Jumapili kiti kinasimama, mama na watoto wanakwenda kanisani. Injini ni ya cc 1,500, na kwenye ushuru wa kuingiza gari inakusaidia kuliko hayo majabali ya cc 2,700. Ila angalia umri, gari likizeeka kuna ushuru wa uchakavu juu yake na unauma.

Haya, betri. Hofu ya betri haijatoka hewani, betri zinakufa kweli. Ila tuulizane zinauliwa na nini. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna kitundu chenye neti, watu wengi wanadhani pambo. Pale ndo betri inapumulia. Kuna feni inavuta hewa ya ndani ya gari kuipooza. Sasa sisi Kariakoo tunajaza viroba mpaka kwenye paa, kiroba kinakaa juu ya kile kitundu, vumbi la vitambaa linaingia kwenye feni, joto la Dar juu yake. Halafu ikifa tunasema Mjapani katudanganya! Feni ile inatakiwa kufunguliwa na kusafishwa, na AC iwashwe hata kama unaona ubahili, maana hewa ya baridi mnayovuta nyie na betri inaivuta hiyohiyo.

Halafu kuna ka mchezo ka gereji bubu. Haibridi ina betri mbili. Kuna kubwa, halafu kuna ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Ndogo ikichoka, taa ya READY haiwaki na gari haliondoki. Mama wa watu anapigiwa kelele kuwa betri kubwa imekufa, alete mamilioni, kumbe ni ya volti 12 tu. Jirani yetu mmoja karibu auze gari lake kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo. Kabla hujatoa hata mia, gari lipimwe kwa mashine. Ikija kodi P0A80 hapo ndo tuongee betri kubwa, siyo kabla. Na fundi wa seli moja moja muogope, ile betri ina moduli 20, ukibadilisha moja mbovu kati ya kuukuu 19, mwezi ujao unarudi kwa nyingine.

Mengine haraka haraka. Inveta ina kulanti yake peke yake, usikubali mtu akaweka maji ya bomba. Oili yake ni nyepesi, 0W-20, sio ile nzito eti kwa sababu Dar kuna joto. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi na fundi wa kubahatisha, zinaua. Na mvua ikinyesha, Jangwani maji yakishajaa usijaribu kupita, gari liko chini na betri iko chini ya kiti, hapo nakubaliana na wanaotaka gari refu. Wa Kivule na Mbagala ndanindani kwenye mabonde nao wajitafakari kabla ya kununua.

Ukienda kununua, usiridhike na kuwasha tu yadi. Liendeshe nusu saa kwenye foleni na AC ikiwaka, angalia mchoro wa betri kwenye dashibodi. Ikiwa inajaa haraka na kuisha haraka, inapanda na kushuka kama moyo wa mdaiwa, ondoka. Muuzaji akikataa usilipeleke kwenye mashine, ondoka haraka zaidi.

Najua kuna atakayeuliza, mimi nina watoto wanne na bibi yao, Fielder ya siti 5 inanitosha wapi? Tafuta Prius Alpha ya siti 7, injini ya cc 1,800, betri yake wameiweka katikati ya viti vya mbele. Ila siti za mwisho ni za watoto, bibi usimweke kule nyuma.