Gitaa la Besi na Masomo ya Juu

Wazazi hutuuliza mara nyingi kama yafaa kumruhusu kijana asomaye chuo kikuu kupiga muziki katika bendi. Sababu ya swali lao twaijua. Gitaa hula saa za usiku, na usiku ndio wakati wa kudurusu. Tena gitaa hula fedha, na mara nyingine fedha hiyo ndiyo ada ya masomo. Leo twapenda kulitazama jambo hili kwa njia ya chombo kimoja kisichosifiwa sana, yaani gitaa la besi.

Chombo hiki kina nyuzi 4 nene. Gitaa la besi la umeme lililoenea duniani pote lilianza kuuzwa mwaka 1951 na fundi Leo Fender wa California, nchini Marekani. Kabla yake wapigaji walibeba besi kubwa ya mti, ndefu kuliko mtu, ambayo Wazanzibari huiita dabalbesi na bado huipiga katika taarabu. Uzi ulio mnene kuliko yote hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti yake lina urefu wa meta 8 na zaidi. Ndiyo maana besi hupenya kuta na kumfikia jirani kabla hajasikia neno hata moja la mwimbaji. Wachezaji huifuata kwa miguu bila kulijua jina la aipigaye; bali ikinyamaza ghafula, wote hugeuza vichwa.

Huko Nguba, katika komini ya Ibanda mjini Bukavu, tuliketi alasiri moja pamoja na wapigaji watatu wa besi, tukasikiliza mazungumzo yao. Mkubwa wao alikuwa na gitaa la zamani, rangi yake imechubuka, nalo ni fahari yake. Alitueleza jinsi shingo ya gitaa hupinda kwa unyevu wa Ziwa Kivu, na jinsi aionyoshavyo kwa kukaza polepole ule ufito wa chuma uliomo ndani yake. Nyuzi mpya ni ghali. Basi zile za zamani zikifa sauti, yeye huzichemsha dakika chache katika sufuria. Mafuta ya vidole na uchafu hutoka, akazikausha vizuri, nazo huimba tena kwa siku kadhaa. Siku moja mkewe aliifunua sufuria akitazamia maharagwe.

Wa pili alisimulia habari ya arusi moja. Bibi arusi alikuwa akiingia, umeme ukakatika. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu kupita kiasi, amplifaya ikafuka moshi. Wakamaliza sherehe kwa ngoma na sauti tupu. Baba wa bibi arusi akawalipa nusu, akisema kwamba alisikia nusu ya muziki.

Wa tatu, kijana wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, akasimulia naye, huku akicheka, kwamba mikrofoni ilimwuma mdomoni alipokuwa ameshika nyuzi za gitaa lake. Yule mkubwa hakucheka. “Mdogo wangu,” alisema, “huo ulikuwa umeme, nao ulipita mwilini mwako.”

Alisema kweli. Nyuzi za gitaa huungana kwa waya na amplifaya, na mikrofoni huungana na chombo kingine. Kimoja kikikosa waya wa ardhi, au kikiwa kimeharibika ndani, umeme hutafuta njia, na mwili wa mtu aliyegusa vyote viwili huwa ndiyo njia hiyo. Mwaka 1972, huko Swansea nchini Wales, mpigaji wa gitaa Les Harvey aliigusa mikrofoni iliyokuwa na hitilafu ya namna hii, akafa mbele ya watu waliokuja kumsikiliza. Tena zile amplifaya za zamani zenye valvu za kioo, ambazo wapigaji huzipenda kwa utamu wa sauti yake, zina umeme wa volti mia kadhaa ndani, na kapasita zake zaweza kuushika umeme huo hata baada ya kuchomolewa ukutani. Asiyejua asiifungue.

Ndipo kijana akatoa neno lililokuwa moyoni mwake. “Wakubwa zangu, mimi nataka kuacha masomo. Bendi hunilipa Jumamosi hii. Chuo kitanilipa lini? Mtaani kwetu wako wenye shahada waendeshao pikipiki za abiria.” Wote wakanyamaza, maana asemayo yaonekana kwa macho. Anayejibu kwamba shahada huleta kazi bila shaka, huyo hamwambii kijana kweli, na kijana atakapotambua hivyo hatamsikiliza tena.

Hata hivyo liko jibu. Kundi la Queen la Uingereza lajulikana Afrika ya Mashariki kwa sababu mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Wachache wamkumbuka mpigaji wao wa besi, John Deacon. Alipojiunga na kundi mwaka 1971 alikuwa mwanafunzi wa elektroniki katika Chelsea College, London. Hakuacha; mwaka uleule akapata shahada yenye daraja la kwanza. Baadaye kidogo aliokota jalalani kipande cha mitambo ya redio mbovu, akakitambua, akakitia katika sanduku dogo pamoja na spika, kikawa amplifaya. Mwenzake Brian May aliitumia amplifaya hiyo ya jalalani katika santuri nyingi zilizouzwa ulimwenguni. Maelfu ya watu wangalikipita kipande kile bila kukitazama. Elimu ya Deacon ndiyo iliyomwonyesha kilichokuwamo.

Naye May aliuacha utafiti wake wa elimu ya nyota kwa ajili ya muziki, akaupata udaktari wake mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 60. Twamsifu kwa kurudi. Lakini aliporudi alikuwa tajiri, na mlango ulikuwa ukimngoja. Kijana wa Nguba aachaye leo atarudi na nini, na ada italipwa na nani?

Tusidhani lakini kwamba maarifa yote hukaa chuoni. Hapa kwetu Kongo, dereva wa malori Mawangu Mingiedi aliunda kundi la Konono N°1 huko Kinshasa. Alitengeneza mikrofoni za likembe kwa sumaku za vyombo vikuukuu vya magari, na likembe mojawapo hupiga besi. Santuri yao ya Congotronics, iliyotoka mwaka 2004, ilisikika hata Ulaya na Marekani. Mzee huyo alijifunza kwa mikono yake. Basi aliye na chuo mlangoni pake asimdharau aliyejifunza bila chuo, wala asilitumie jina lake kama udhuru wa kutojifunza lolote.

Tena wakati umebadilika. Zamani kijana wa Bukavu aliyetaka chuo kikuu ilimpasa kwenda Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani, na kuiacha bendi yake nyuma. Leo vyuo vikuu vimo mjini kwetu. Kile cha Kikatoliki kilianzishwa mwaka 1989. Mtu aweza kusoma asubuhi na kupiga besi Jumamosi, bila kuuhama mji wake.

Kwa hiyo twawashauri wazazi: msilivunje gitaa. Kijana aliyevunjiwa gitaa hapendi kitabu zaidi. Hujifunza kuficha tu. Afadhali mpatane naye mbele ya jamaa: malipo ya bendi yaanze kwa ada, ndipo nyuzi mpya zifuate, na siku za mitihani bendi itafute mpigaji mwingine. Nanyi wanafunzi, mkiona bendi yenu haiwezi kuwangoja majuma matatu ya mitihani, jueni kwamba haitawangoja pia siku mtakapougua. Kabla ya kupiga, mtu ajuaye apime waya wa ardhi. Amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika kuungwa, maana transfoma yake huweza kuungua. Aliye na mwalimu wa fizikia na amwulize sababu. Twaamini mwalimu huyo atafurahi, kwa kuwa ni mara chache kuulizwa swali na mwanafunzi ambaye kweli anahitaji jibu kabla ya Jumamosi.