Twalipia Kikombe au Twalipia Kiti?



Shughuli nyingi zilizokuwa zikifanyika sebuleni zimehamia mkahawani. Binti akifaulu mtihani, wenziwe hutaka kukutana penye keki na kahawa ya povu. Familia mbili zinazotaka kufahamiana kabla ya posa huona ni vyema zionane kwanza mahali pasipo pa upande wowote. Hata hidaya ya Idi siku hizi huja katika kisanduku chenye nembo, na nembo hutazamwa kabla ya kilichomo ndani. Hatusemi tena kuwa tumekula keki. Twalitaja jina la mahali, na jina latosha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mikahawa hii yenye matawi mengi yajiuza na pia yajitembeza, kwa hiyo methali peke yake haitutolei hukumu. Ni haki ya mama mwenye kuushika mkoba wa nyumba kuuliza: je, sifa hizi zina ukweli? Ili tupate jibu la uadilifu, yafaa tuvitenganishe vitu vitatu ambavyo bei huviweka pamoja: kikombe, sahani na kiti.

KIKOMBE

Tukumbushane kwanza kuwa kahawa si mgeni kwetu. Asili yake ni Uhabeshi, na katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wasishikwe na usingizi katika dhikri za usiku. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu. Bandari ya Mukha, iliyoko pwani ya Yemen, ilikuwa mlango wa biashara hiyo kwa muda mrefu, na ndiyo iliyozaa jina la "mocha" linaloandikwa leo kwenye mbao za mikahawa kwa maana ya kahawa iliyochanganywa na chokoleti. Hapa Kenya nako, miche ya mwanzo inatajwa kuwa ilipandwa Bura, Taita, mwaka 1893, karibu na pwani kuliko na Nairobi. Basi anayeingia mkahawani asidhani amekwenda kujifunza ustaarabu wa wengine.

Hata hivyo, tuwape wenye mikahawa haki yao. Java House ilipofungua mlango wake wa kwanza jijini Nairobi mwaka 1999, kahawa nyingi ya Kenya ilikuwa ikisafirishwa nje, na mwananchi wa kawaida alibaki na chai, au unga wa kahawa wa mkebe. Mikahawa ya namna ile ilimpa Mkenya nafasi ya kuionja buni ya nchi yake ikiwa imekaangwa na kusagwa vizuri. Jina "Java" ni la kisiwa cha Indonesia, lakini mazoea ya kunywa kahawa ya Kenya ndani ya Kenya yana deni kwa watu hawa.

Sasa tutazame kilichomo kikombeni. Kahawa ya espreso yenyewe ni kiasi cha mililita 30 tu, yaani mafunda mawili. Kapuchino au late ni mafunda hayo mawili yaliyomiminiwa maziwa ya moto na povu lake. Vinywaji vya barafu vyenye krimu na shira vimeizidi hata hiyo: humo kahawa ni harufu, na sukari ndiyo kinywaji. Hakuna ubaya wa maziwa, ila mama ajue kuwa sehemu kubwa ya anachokilipia ni maziwa.

Jambo la pili ni ukaangaji. Kampuni yenye matawi mengi hutaka kikombe cha leo kifanane na cha mwakani, na cha Nyali kifanane na cha Nairobi. Njia nyepesi ya kuupata usawa huo ni kuzikaanga buni mpaka ziwe nyeusi, kwani moto mwingi hufuta tofauti za shamba na shamba. Buni ya Kenya inasifiwa duniani kwa ukali wake mtamu unaokaribia ladha ya matunda, na ladha hiyo ndiyo ya kwanza kupotea buni ikiungua. Anayetaka kuujua ukweli wa mkahawa na aagize kahawa nyeusi bila sukari. Ikiwa haina ila uchungu wa moshi, basi sifa zilikuwa za povu.

Na kahawa tungu yetu, je? Iliyotwangwa vyema, ikachemshwa na tangawizi juu ya makaa, ikamiminwa kutoka dele la shaba katika kikombe kidogo kando ya kashata au kipande cha haluwa, haina cha kuonea haya mbele ya mashine yoyote. Lakini tusijipendelee. Dele lililokaa juu ya moto tangu alasiri hadi baada ya Isha hutoa kahawa iliyopikika kupita kiasi, na vikombe vyake huenda vimesuuzwa katika ndoo moja jioni nzima. Katika hilo la usafi, mkahawa wa kisasa umetutangulia.

SAHANI

Katika vitafunio, sifa hupungua zaidi. Chukua mfano wa kruasoni, ule mkate wa Kifaransa wenye umbo la mwezi mwandamo. Ufundi wake ni siagi kukunjwa ndani ya unga mara kwa mara: ukikunja mara tatu, kila mara kwa tabaka tatu, wapata tabaka 27 za siagi. Siagi hiyo lazima ibaki baridi mpaka iingie tanurini, nayo huyeyuka kwenye joto lisilozidi sana lile la mchana wa Mombasa. Ndiyo maana maduka yenye matawi hupendelea kuandaa unga katika jiko moja kuu lenye ubaridi, kisha huupeleka kwenye matawi ukiwa umegandishwa au umeokwa nusu. Si udanganyifu; ni hesabu ya biashara. Lakini harufu ya tanuri inayotupokea mlangoni isitufanye tuamini kuwa kuna mwokaji aliyeamka alfajiri nyuma ya ukuta ule.

Tena kuna kabati la kioo lenye baridi. Keki ya krimu haina budi kukaa humo, la sivyo itaharibika. Mkate na skonzi, kinyume chake, huchakaa upesi zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mezani, kwa sababu wanga wake hukakamaa. Ukipashwa moto hulainika kwa dakika chache, kisha hurudi ugumu. Basi swali lifaalo kumuuliza mhudumu kwa adabu ni hili: kipi kimeokwa leo? Mhudumu mwema atakuelekeza, nawe utaokoa fedha zako.

Sasa weka kando yake hamri la unga wa ngano, hamira, tui la nazi na iliki, lililoumuka usiku, likakaangwa alfajiri na kuliwa kabla ya jua kupanda. Usinifahamu vibaya, hamri la jana ni gumu kama mkate wowote wa jana. Ubora wake ni kwamba kati ya karai na kinywa chako kuna saa moja na uchochoro mmoja. Hakuna kampuni yenye matawi iwezayo kununua ukaribu huo. Fedha za kikombe kimoja cha kapuchino zatosha mahamri na mbaazi za nyumba nzima, na kwa upande wa ladha nyumba hiyo haijapunjwa kitu.

KABLA YA KUTIA KINYWANI

Kwa familia ya Kiislamu, kuna kipimo kilicho juu ya ladha. Wengi wetu huridhika tukiona hapauzwi nguruwe, ilhali mambo ya keki ni mapana zaidi. Vanila halisi ya maji hutengenezwa kwa alkoholi. Tiramisu mara nyingi hutiwa mvinyo au ramu. Jelatini inayoshikisha krimu na peremende huenda imetokana na ng'ombe, na huenda imetokana na nguruwe. Viungo vya kulainisha mkate, kama kile kiandikwacho E471, vyaweza kutoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya mnyama. Na panapouzwa nyama ya nguruwe, hata iwe ni sahani moja tu katika orodha, kuna suala la kikaango na kisu vinavyotumiwa kwa sahani nyingine.

Wanazuoni wamezungumza kwa upana juu ya baadhi ya mambo haya, hasa alkoholi iliyo chache ndani ya vanila, na kila mmoja amuulize shekhe anayemwamini. La wajibu kwetu ni kuuliza. Tazama cheti cha halali, kisha usome kilichoandikwa: kimetolewa na nani, kwa jiko lipi, na muda wake unakwisha lini. Cheti cha mchinjaji aliyeleta kuku hakielezi chochote juu ya keki, na cheti cha tawi moja si cha matawi yote. Mhudumu akisema "ni halali tu, mama" bila ya kuwa na cha kuonyesha, hilo ni neno jema lakini si ushahidi. Tumefunzwa kuyaacha yenye shaka, na meza ya mkahawa haina ruhusa maalumu.

KITI

Twaja kwenye kiti, na hapa hukumu yageuka.

Kahawa ya pwani imenywewa barazani, na baraza ya njiani ni ya wanaume. Hapo ndipo habari hupokewa, siasa hupimwa na bao huchezwa. Mwanamke ana ya kwake: arusi, maulidi, hitima, chama, na ua wa jirani. Lakini zote hizo ni nyumba za watu. Mama aliyeleta mtoto hospitali mjini akaambiwa arejee baada ya saa tatu, akae wapi? Mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hakuna chumba kitulivu, asomee wapi? Mjane anayetaka kuzungumza na dada zake juu ya mirathi, mbali na masikio ya wenye tamaa, akutane nao wapi? Kwa kikombe kimoja mkahawa humpa kiti safi, maji, choo chenye mlango unaofungika, mwanga, na saa mbili za kutosumbuliwa na mtu. Hicho si kitu kidogo.

Mwanazuoni wa Marekani, Ray Oldenburg, aliandika mwaka 1989 kuwa mtu huhitaji mahali pa tatu pasipo nyumba wala kazi. Lakini wazee wa Kiislamu waliligundua jambo hilo, na hofu yake, mapema mno. Mwaka 1511 liwali wa Makka aliipiga kahawa marufuku, na mojawapo ya yaliyomkera ni mikusanyiko ya wanywaji. Marufuku hiyo haikudumu. Tangu enzi hizo, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya watu walioketi pamoja.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: mikahawa hii yastahili sifa kwa kiti chake, yastahili kiasi kwa kikombe chake, na haistahili sana kwa sahani yake. Dada anayekwenda kwa haja ya kiti, kwa stara na heshima yake, hakufanya israfu. Anayekwenda ili apigwe picha na kikombe, huku ada ya madrasa ya mtoto haijalipwa, ajihesabu mwenyewe.

Lakini lawama moja ni yetu sote. Mkahawani twalipa bei iliyoandikwa, na kodi ya asilimia 16 ndani yake, kisha twaacha na bakshishi, bila neno. Tukirudi mtaani, kwa mama aliyeamka saa kumi usiku kukaanga mahamri, twadai nyongeza, twadai tuandikiwe deni, na twalalamika kuwa hamri la leo limepungua kidole. Yule ana wanahisa. Huyu ana wanawe wanaongojea karo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mlipe jirani yako kikamilifu, na akikosea mwambie kwa upole. Akiwa na nafasi, mshauri aongeze benchi safi, ndoo ya pili ya maji na pazia, ili nasi tupate pa kukaa.

Na kumbi zetu za madrasa zilizofungwa tangu asubuhi hadi alasiri, je, haziwezi kufunguliwa siku mbili kwa juma, pakawekwa mikeka, dele moja na sinia ya mahamri, kwa akina mama na wanafunzi wa kike? Wenye kamati tunawaachia swali hilo mikononi mwao. Kiti kinachouzwa kwa kikombe humfaa mwenye fedha ya kikombe tu. Asiyenayo bado amesimama juani.