Sare ya Shule na Mwalimu Chikoya
Wengi wenu, walimu watarajiwa, mliisoma sekondari riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie (2002). Peter na Zita wafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, nao waishia kuchakura jalalani. Mtihanini lawama humwangukia Lomolomo, baba mlevi. Sisi twamtazama zaidi Mwalimu Chikoya, kwani mlango wa darasa aliushika yeye.

Ada imefutwa, sare bado hununuliwa. Huku Masasi na Newala kaptura huchanika Agosti, na minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba. Miezi hiyo mtoto wa mkulima hujulikana toka mbali kando ya mtoto wa mwenye duka. Msimwulize sare mbele ya wenzake, wala msimrudishe nyumbani.