Taa ya Baiskeli Pekee Haitoshi, Dereva Naye Abanwe na Sheria

Makamanda, kila Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika, mwendesha baiskeli anapewa somo lilelile: funga taa, bandika viakisi mwanga, vaa kizibao kinachong'aa. Somo si baya. Ila ebu tujiulize: dereva akishamwona mwenye baiskeli, anampa nafasi?

Kuonekana ni jambo moja, kupewa nafasi ni jambo lingine. Viongozi wetu wanahubiri la kwanza na kulinyamazia la pili.

Kuonekana kunasaidia, hilo halina ubishi. Mjini Odense, Denmark, kuanzia mwaka 2004 watafiti walifuatilia waendesha baiskeli zaidi ya 3,800 kwa mwaka mmoja. Baadhi yao walifungiwa taa zinazowaka muda wote, usiku na mchana. Ajali zenye majeruhi zilikuwa pungufu kwa asilimia 19 kwa wenye taa. Kwa hiyo anayefunga dainamo yake asichekwe.

Sasa twende Uingereza. Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath na wenzake walifunga kipimo kwenye baiskeli, mwendeshaji akawa anabadilisha mavazi ya aina saba, kikiwemo kizibao cha kung'aa. Magari zaidi ya 5,600 yalimpita. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kizibao cha kung'aa hakikuwafanya madereva wakae mbali zaidi. Vazi moja tu ndilo lililowasogeza kidogo: lenye neno la polisi na taarifa kwamba mvaaji anarekodi video. Na hata hapo, kati ya magari 100, moja au mawili yalipita chini ya sentimita 50 bila kujali amevaa nini.

Yaani dereva alimwona vizuri tu. Kilichomgusa ni hofu ya kuwajibishwa.

Hapa kwetu wanaoumia ni nani? Muuza mkaa anayeingia mjini alfajiri na magunia, muuza samaki anayewahi soko, mtoto wa sekondari, daladala wa baiskeli kule Shinyanga. Akigongwa, swali la kwanza ni "alikuwa na taa?" Na sisi tunaosoma sheria tunajua swali hilo lina gharama: mahakama ikiona alichangia ajali kwa uzembe wake, fidia inaweza kupunguzwa. Sawa. Lakini nani anauliza "dereva alimpita umbali gani?"

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bila uangalifu na bila kuwajali wengine barabarani. Maneno mazuri, ila uangalifu huo ni wa sentimita ngapi? Jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, liliweka mita moja mwaka 2013. Mwongozo wa barabarani wa Uingereza tangu 2022 unasema angalau mita moja na nusu, na zaidi ya hapo kwa mwendo mkubwa.

Mtasema trafiki hawezi kutembea na rula. Kweli. Lakini namba ikiwa kwenye sheria, video ya simu inakuwa ushahidi wenye kipimo cha kulinganishwa nacho, na hakimu ana pa kuanzia. Bila namba, kesi inabaki "nilidhani nafasi inatosha".

Kwa hiyo vijana tudai mambo matatu. Kwanza, umbali wa kumpita mwenye baiskeli uandikwe kwenye sheria kwa mita. Pili, barabara mpya zijengwe na njia za baiskeli, na zilizopo zilindwe zisigeuzwe maegesho na njia za bodaboda. Tatu, ushahidi wa video wa raia upokelewe kituoni bila kuzungushwa.

Taa yako washa, kamanda, tena leo. Halafu mtafute mbunge wako umuulize yeye anawasha nini.