Anayetaka chuma aanze na pamba

Kila msimu wa bajeti mjadala wetu wa viwanda hukimbilia chuma. Mradi wa chuma wa Liganga utaanza lini? Makaa ya mawe ya Mchuchuma yatachimbwa lini? Ni maswali ya haki. Lakini mimi, niliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kusokota nyuzi, naomba kwanza tuitazame China ya baada ya vita, nchi iliyokitamani chuma kuliko sisi.

Mwaka 1949, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni, China ilizalisha tani 158,000 tu za chuma cha pua. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, kuanzia 1953 hadi 1957, ukamwaga sehemu kubwa mno ya fedha za ujenzi wa viwanda kwenye viwanda vizito. Matanuru ya Anshan yakakarabatiwa na kuongezwa. Changchun kikajengwa kiwanda cha malori, na lori la kwanza likatoka mwaka 1956. Mitambo na wahandisi walitoka Umoja wa Kisovyeti. Kufikia 1957 chuma kilikuwa kimefika tani milioni 5.35.

Hesabu hiyo husimuliwa sana. Ya vitambaa husahaulika. Kati ya 1949 na 1957 vitambaa vya pamba vilipanda kutoka mita bilioni 1.9 hivi hadi bilioni 5. Zamani viwanda vya nguo vilirundikana pwani, Shanghai, Tianjin na Qingdao. Sasa vipya vikajengwa Shijiazhuang, Zhengzhou na Xi'an, jirani na mashamba ya pamba. Kiwanda cha nguo hakili mtaji kama tanuru, hujengwa upesi, na mnunuzi wake ni kila mtu. Faida na kodi zake ziliingia hazina, na hazina ikajengea chuma.

Nyuma ya hesabu hizo kuna mikono ya watu. Uzi ukikatika, mashine haisubiri: pamba inaendelea kutoka na kuwa taka mpaka mtu afike auunge. Hao Jianxiu, msichana wa kiwandani Qingdao, alijulikana nchi nzima mwaka 1951 kwa sababu taka yake ilikuwa ndogo ajabu. Alipanga vizuri mizunguko yake na kusafisha mashine mapema kabla nyuzi hazijaanza kukatika, na utaratibu wake ukafundishwa viwanda vingine. Mwaka 1981 alikuwa Waziri wa Viwanda vya Nguo. Aliyesimama zamu moja tu kwenye kelele na vumbi la pamba anaelewa kwa nini alistahili.

Hata hivyo wananchi walivaa kwa kubana. Tangu 1954 kitambaa kilinunuliwa kwa kuponi, kwa sababu viwanda haviwezi kusokota pamba ambayo shamba halikutoa. Mao mwenyewe alisema mwaka 1956 kwamba anayetaka kweli viwanda vizito hana budi kuvipa uzito viwanda vyepesi na kilimo. Miaka miwili baadaye serikali yake ikaamua kuzalisha chuma mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Wakulima waliondolewa shambani wakati wa mavuno kwenda kuwasha matanuru ya vijijini, na tani kama milioni 3 za walichoyeyusha hazikufaa kitu. Njaa iliyofuata iliua mamilioni. Mwaka 1962 mavuno ya pamba hayakufikia nusu ya yale ya 1957. Kuponi za nguo hazikufutwa hadi 1983.

China hiyo ndiyo iliyotukopesha bila riba tukajenga kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968. Walitupa walichokijua vizuri. Lakini hadi leo sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza hupanda meli ikiwa marobota, nasi tunanunua vitenge vya wenzetu na mitumba.

Siipingi Liganga. Nataka ijengwe, na nataka tujue fedha za kuihudumia zitatoka wapi. Zianzie kwenye pamba: mkulima apate bei itakayomrudisha shambani msimu ujao. Viwanda vya nguo vipate umeme usiokatika, kwani kila ukikatika nyuzi hukatika nao, na zamu nzima hupotea katika kuunga. Sare za wanafunzi, askari na wauguzi zishonwe kwa kitambaa kilichofumwa hapa, ili kiwanda kiwe na soko la uhakika.

Basi waziri akisimama bungeni kututajia tani za chuma zijazo, wabunge wa Kanda ya Ziwa wamuulize mita za kitambaa: ngapi mwaka huu, ngapi mwaka ujao, na mkulima atalipwa nini kwa kila kilo. Mpango usio na jibu la swali hilo usipitishwe.