Malenga na Ajifulie Jembe

Malenga wenzangu, kila nimtajiapo mshairi kihariri kiitwacho Emacs, hunijibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Ati hicho ni chombo cha wahandisi wa kompyuta. Ati amri zake za vitufe ni nyingi mno. Ati programu ya kawaida ya ofisini yatosha.

Yatosha kwa nani? Mara ngapi umeandika utenzi katika programu hiyo, ukauona umejaa mistari myekundu, kana kwamba Kiswahili kizima ni kosa la Kiingereza?

GNU Emacs, iliyotolewa na Richard Stallman mwaka 1985, imesimama juu ya wazo jingine: mwenye kukitumia chombo ana haki ya kukibadili. Ugumu upo, sikatai. Siku za mwanzo vidole hujikwaa. Lakini nani kati yetu aliyeijua bahari ya tarbia kwa siku moja? Na faida yake ni ya kishairi hasa. Shika Alt ubonyeze t, maneno mawili yabadilishana nafasi, kina kikaangukia pake. Shika Control ubonyeze x kisha t, mshororo wabadilishana na ulio juu yake. Kipanya hukukigusa.

Kuhesabu mizani Emacs haikuzaliwa nako, ila yafundishika. Hapo ndipo lilipo deni letu. Ukiiagiza ihesabu irabu tu, itapotoka: "mtu" ina irabu moja na mizani mbili, ilhali "m" ya "mbuzi" haihesabiwi peke yake. Mhandisi asiyejua shairi hataiona tofauti hiyo. Malenga asiyejua chombo hataweza kuifundisha. Basi mizani zetu zitabaki kuhesabiwa kwa vidole, nasi tutabaki kulalamika kwamba kompyuta hazitujali.

Somo la kuanzia lililomo ndani ya Emacs limefasiriwa kwa Kislovenia, hata kwa Kiesperanto, lugha isiyo na nchi. Kwa Kiswahili halimo. Tumlaumu nani, ikiwa wajuzi wa lugha ndio tuliokaa kando?

Mchagua jembe si mkulima, nakiri. Lakini simwambii mtu achague, namwambia afue. Fungua Emacs usiku wa leo, shika Control ubonyeze h, achia, kisha ubonyeze t. Somo litafunguka. Lisome, kisha ulifasiri.