Igeuzeni Sahani Kabla ya Kuigawa



Mtu anapofariki, warithi huhesabu minazi, shamba, ngalawa na nyumba. Sahani za buluu zilizomo kabatini mwa bibi huachiwa atakayezipenda, au huuzwa kwa mchuuzi wa kwanza anayepiga hodi. Hilo halifai. Kila alichokimiliki marehemu, hata kikombe, kimo katika mirathi, na fungu la yatima halipimiki iwapo hakuna ajuaye thamani ya kitu. Pwani yetu, toka huku Msimbati hadi Lamu, imepokea vyombo vya ng'ambo kwa karne nyingi. Kwa hiyo elimu ya kuvitambua inatuhusu.

Tuanze na sahani yenye mti wa matawi yanayoning'inia, daraja lenye watu watatu, mashua, na ndege wawili juu. Wengi huidhani ya China. Mchoro huo, uitwao Willow, ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa kuiga vyombo vya Kichina. Kwa kawaida haukuchorwa kwa mkono. Ulichongwa katika bamba la shaba, ukapigwa chapa juu ya karatasi laini, kisha karatasi ikabandikwa kwenye chombo. Tazameni nakshi ya ukingoni: mara nyingi mtaona mahali ambapo ncha zake zimekutana bila kulingana. Chombo kilichochorwa kwa brashi hakina kiungo hicho, na rangi yake hukolea hapa na kufifia pale. Kisha kiinueni mbele ya taa. Kauri nyembamba ya China huonyesha kivuli cha vidole, ilhali sahani nyingi za Kiingereza za mchoro huu ni za udongo usiopitisha mwanga.

Sasa igeuzeni. Alama ya umbo la almasi yenye herufi na tarakimu ndani yake ilitumiwa Uingereza kati ya mwaka 1842 na 1883. Herufi Rd No zenye namba zilianza mwaka 1884. Neno England peke yake kwa kawaida huonyesha mwaka 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka. Made in England mara nyingi ni ya karne ya 20. Mkikuta Petrus Regout na Maastricht, chombo hicho ni cha Uholanzi, cha kiwanda kilichoanza kutengeneza vyombo vya udongo mwaka 1836.

Lakini tahadharini. Kukosa alama si ushahidi wa ukale, na alama za wafalme wa China ziliigwa sana na mafundi wa zama za baadaye.

Kuna vyombo vingine ambavyo havimo katika mirathi ya mtu yeyote, navyo ni vile vilivyojengewa katika makaburi na misikiti ya kale. Kunduchi na Kaole, wazee wetu walipamba nguzo za makaburi kwa mabakuli ya kauri. Leo mahali pengi pamebaki mashimo ya duara tu. Bakuli likishang'olewa, kaburi hupoteza shahidi wake. Ni kwa vigae vya aina hiyo Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, aliweza kupanga nyakati za mji ule. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo na makaburi ya kabla ya mwaka 1863. Anayeng'oa huvunja heshima ya maiti na sheria ya nchi kwa pamoja.

Basi, kabla ya kugawa, pigeni picha mbele na nyuma ya kila chombo, na andikeni kilitoka kwa nani. Msikisugue kwa mchanga wala steliwaya, kwani nakshi na alama vitafutika. Mkiwa na shaka, pelekeni picha Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kisha warithi wote wakae pamoja, na mwenye kusimamia haki za watoto awepo, ndipo iamuliwe kuuza au kuhifadhi. Mnunuzi mwenye haraka na asubiri.